Nyigu Ndani ya Kopo la Halua

Kwenye mlango wa kliniki moja pale Chake Chake pamebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: "Mdudu aliyekuuma aletwe akiwa amekufa." Wageni wakiisoma hucheka, wakaulizana ni mtu gani huyo asiye na akili hata aambiwe jambo kama hilo kwa maandishi. Mtu huyo ni mie. Mie Makame, fundi seremala wa Mgogoni, mtu mzima mwenye ndevu za mvi na wajukuu wawili, na nawasimulieni leo kwa kinywa changu kwa sababu kila ninapokwenda kuketi nakuta habari imeshanitangulia, tena imetiwa chumvi, na aibu ikishakuwa yako afadhali uibebe mwenyewe kuliko kubebewa.

Kwanza mnijue. Mie ni mtu wa kushuku. Nikisalimiwa kwa uchangamfu najiuliza huyu anataka nini, nisiposalimiwa najiuliza kasikia nini. Mke wangu Kidawa husema hata mwezi ukiandama sikubali mpaka niuone kwa macho yangu (na hapo, yakhe, sioni kosa langu ni lipi).

Basi mambo yalianzia kwa Faki. Faki ni kaka yake Kidawa, shemegi yangu, nyumba yake na yangu zinatazamana, na baina yetu palikuwa na maneno ya mpaka, kuna mkarafuu umesimama katikati na kila mmoja akidai ni wake. Wazee walitupatanisha, tukapeana mikono, lakini mie mkono niliutoa, moyo nikabaki nao. Siku moja akaniita nikamtengenezee mlango wa jikoni uliooza. Nikaenda. Mkewe akaniletea chai na mihogo ya kuchemsha, nikala, nikashiba, nikapanda juu ya kigoda kuing'oa fremu, na pale juu nikahisi kitu kama mwiba kimenichoma shingoni, nikajipiga kofi, nikaendelea na kazi, maana fundi huchomwa na vitu kutwa nzima. Hazikupita dakika kumi viganja vikaanza kuwasha, kisha nyayo, kisha kichwa chote, midomo ikavimba mpaka nikaihisi imekuwa ya mtu mwingine, koo likaziba, na kitu cha mwisho nilichokiona ni uso wa Faki umeniinamia anasema, "Shemegi! Shemegi!"

Wakanikimbiza kituo cha afya, wakanitia maji na sindano, jioni nikarudi nyumbani kwa miguu yangu. Kwenye kadi yangu mtu alikuwa ameandika "sumu ya chakula" na mbele yake akatia alama ya kuuliza. Yeye aliuliza tu, masikini. Mie nikajibu.

Nikasema, Faki kaniwekea kitu. Sikusema kwa ukali, nilisema kwa ile sauti ya chini ambayo ndiyo mbaya zaidi, nikaisema barazani mbele ya watu sita: "Mie sisemi mtu, lakini nilipoingia kwake nilikuwa mzima." Watu sita Mgogoni ni sawa na kutangaza msikitini. Kabla ya laasiri Faki alishaipata. Hakuja kunigombeza. Alikuja kusimama kwenye kizingiti changu, akaniangalia, akarudi kwake. Nikamwambia Kidawa, "Umeona? Asiye na hatia angesema neno."

Sasa sikilizeni ujinga unavyopanda ngazi. Wiki tatu baadaye nilikuwa kwangu, kwenye banda langu la kazi, napiga randa mbao, sijala kitu cha mtu yeyote isipokuwa uji alionipikia Kidawa. Mara chwaa, mkononi. Na yale yale yakaanza upya: viganja, midomo, koo, dunia ikazima. Safari hii Kidawa alikuwa anaanika nguo hatua kumi kutoka niliposimama. Nilipozinduka kituo cha afya aliniambia, "Bwana, umeumwa na nyigu. Nimemwona kwa macho yangu akiruka mkononi mwako. Pale kwenye paa la banda pana kiota chao."

Nikamtazama. Nikawaza: huyu ni dada wa nani?

Ndiyo. Niliwaza hivyo. Mama wa watoto wangu wanne. Niliporudi nyumbani nikatangaza kwamba chakula changu nitakipika mwenyewe, maji yangu nitayachota mwenyewe, na nguo zangu nitazifua mwenyewe, kwa sababu (nilijieleza mie mwanachuoni) sumu nyingine hupakwa kwenye nguo. Kidawa alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini.

"Makame," akasema, na huwa haniiti kwa jina, "nimekupikia miaka ishirini na mbili. Ningetaka kukuua ningengoja mpaka uwe mnene hivi?"

Nilitegemea atacheka baada ya hapo. Hakucheka. Aliingia ndani, na tangu siku hiyo akawa ananijibu kwa "ndiyo" na "siyo" tu kama karani wa ofisi. Mie nikapika wali ukaungua chini na mbichi juu, nikala hivyo hivyo nikijiambia angalau uko salama.

Siku ya nne akaniambia kuna daktari Chake Chake anayeshughulikia watu wanaodhuriwa na vitu ambavyo wengine haviwadhuru, mzio wanauita, na kwamba nisipokwenda atakwenda kwao. Nikaenda, naye nyuma yangu.

Daktari alikuwa binti tu, Daktari Zuhura, lafudhi ya Unguja mjini, anaandika haraka. Hakunipima chochote kwanza, aliniuliza maswali. Ulikuwa wapi? Unafanya nini? Kulianza kuwasha kabla ya koo au baada? Dakika ngapi? Ulihisi kuchomwa? Palibaki mwiba kwenye ngozi? Kila ninapomwambia chai, yeye ananirudisha kwenye kichomo. Nikaanza kuona huyu kashapangwa.

"Mzee Makame," akasema, "chai ulikunywa mara ya kwanza tu. Uji mara ya pili tu. Lakini kuchomwa, umechomwa mara zote mbili."

"Nyigu wameniuma tangu mtoto," nikamwambia. "Mara mia. Nilikuwa navimba kidole nalia basi."

"Ndivyo unavyokuwa mzio. Mwili unavumilia, unavumilia, halafu siku moja unabadilika. Na ya tatu inaweza kuwa mbaya kuliko zote mbili." Akaeleza kwamba nyuki huacha mwiba wake kwenye ngozi, nyigu kwa kawaida haachi, kwamba watu kama mie wengi wameandikiwa presha, au chakula kibovu, au wamepelekwa kusomewa, kwa sababu hakuna aliyewauliza kuhusu mdudu, na kwamba damu yangu ingepelekwa ng'ambo kupimwa lakini si sasa, ni baada ya wiki kadhaa mwili utulie. "Ingenisaidia kumjua mdudu mwenyewe," akasema. "Mtu mwingine, si wewe, akimpata amekufa, niletee. Wewe usikisogelee kile kiota." Kisha akamgeukia Kidawa na kumuuliza yeye aliona nini, na Kidawa akaeleza, na wale wanawake wawili wakatazamana kidogo. Kidogo tu. Mie nikaona.

Njiani kurudi nilipiga hesabu zangu. Mdudu aliyekufa ni mdudu yeyote. Nikipeleka maiti ya nyigu, watasema ndiye, nani atabisha? Kesi ya Faki itakwisha hapo. Lakini nikimpeleka hai, akawekwa mezani mbele yangu, huyo hawezi kubadilishwa, na daktari atamwona ni nyigu yule yule wa siku zote asiyeua hata paka. Ndio uamuzi wenyewe huo, jamaa zangu. Mdogo tu. Hai badala ya maiti.

Alfajiri ya siku ya tisa ya kupika mwenyewe, baada ya sala, kungali na ubaridi na nyigu wamezubaa, nikajifunika kichwa kwa kanga ya Kidawa nikaacha macho tu, nikavaa makoti mawili, soksi mikononi, nikachukua kopo la plastiki la halua tuliloletewa kutoka Wete, nikalitoboa matundu kwa msumari, nikapanda ngazi, nikakifunika kiota chote, nikakikata shina kwa patasi, nikapiga mfuniko. Wamo! Hawakuniuma hata mmoja. Na hilo ndilo lililonimaliza, maana nilishuka najiona jemadari.

Nikaenda kuvaa. Hapo nikagundua kwamba nguo zangu, nilizozifua mwenyewe jana yake, zote zingali mbichi kambani, suruali mbichi, kikoi kibichi (sikujua kwamba nguo hukamuliwa hivyo mnavyozikamua nyinyi wanawake). Kanzu moja tu ilikuwa kavu. Nikachukua ile kanga ya Kidawa niliyojifunika kichwani, nikajifunga kiunoni, nikavaa kanzu juu. Nani ataona?

Kijana wa bodaboda akaniuliza, "Mzee, halua hiyo?" Nikahofu akijua ataniacha njiani. Nikasema, "Ee, halua." Uongo wa kwanza. Kopo likinguruma mapajani mwangu mpaka Chake.

Kliniki ilikuwa imejaa. Nikapata nafasi kwenye benchi karibu na bibi mmoja mnene mwenye bakora, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia yeye anaitwa Bi Mize na amekaa hapo tangu asubuhi hajatia kitu kinywani. Macho yake yalikuwa kwenye kopo.

"Halua hiyo, mwanangu?"

"Ee, Bi Mize. Halua."

"Ya Wete?"

"Ya Wete."

"Mbona inalia?"

Nikamwambia ni tumbo langu. (Mtu akishaanza kusema uongo, hata tumbo lake analisingizia.) Akanipa pole, lakini jicho halikutoka kopani.

Kumbe nyumbani Kidawa ameamka, kaona soksi zimetupwa bandani, ngazi imeegeshwa, kiota hakipo na mume hayupo. Hakuwa na mtu wa kumtuma ila kaka yake. Na Faki, mtu niliyemchafulia jina kijiji kizima, akapanda pikipiki bila hata kubadilisha fulana ya shambani, akanifuata.

Namwona anaingia mlangoni, jasho linamtoka, anaangaza, ananiona, anakuja moja kwa moja. Nikasema, huyu kaja kuharibu ushahidi.

"Shemegi, lete hilo kopo," akasema taratibu. "Lete nilitoe nje."

"Usiniguse."

"Makame, lete. Dada yangu analia huko."

Akalishika. Nikalivuta. Akalivuta. Ukumbi mzima ukatugeukia, nami hapo, Mungu anisamehe, nikapaza sauti, "Muuaji huyu! Kaniwekea sumu kwenye chai, sasa anataka kunimalizia hapa hapa mbele yenu!"

"Mgawie kipande mwenzio!" Bi Mize akapiga kelele akigonga bakora chini. "Halua haigombewi!"

Mfuniko ukatoka.

Sitosahau ile nukta moja ya ukimya. Bi Mize ameshanyoosha shingo kuchungulia. Halafu wakatoka, weusi, wamekasirika, wamechoka kutikiswa tangu Mgogoni, na watu waliokuwa hawawezi kusimama kwa maumivu ya magoti wakasimama, waliokuwa na homa wakakimbia, benchi likapinduka, mwanamke akapita dirishani (dirisha lilikuwa dogo, sijui alipitaje), na juu ya zogo lote sauti ya Bi Mize inasema, "Astaghfirullah, si halua! Si halua!"

Faki hakukimbia. Alinivamia, akanisukuma ukutani, akanikinga kwa mgongo wake. Nilimsikia akiguna kila anapochomwa: moja, mbili, tatu, nne. Wa tano akampita, akanipata sikioni.

Nikajua. Viganja vikaanza kuwasha nami nikajua, wallahi, mambo yote yakawa wazi kama mchana, hakuna chai hapa, hakuna uji, hakuna Faki. Nilitaka kulisema hilo lakini ulimi ulishajaa mdomoni. Kifua kikabana. Niliona giza linakuja kutoka pembeni, na nilichokiona katikati ya giza kilikuwa ungo wa mchele na mikono ya Kidawa inauweka chini. Nikasema moyoni, nakufa, na mke wangu anajua namdhania nini.

Daktari Zuhura alifika anakimbia, sindano mkononi. "Mlazeni! Msimketishe! Inueni miguu!" Faki akanilaza, akaishika miguu yangu akaipandisha juu. Daktari akaipandisha kanzu kutafuta paja.

Hapo ndipo walionusurika na nyigu walipoanza kurudi taratibu, kutazama. Na mbele yao, juu ya miguu iliyoinuliwa kama bendera, ilikuwa kanga ya Kidawa, nyekundu na njano, maandishi yake yameelekea kwa wasomaji. Bi Mize ndiye aliyeisoma, kwa sauti, herufi kwa herufi: "WANGU NI WANGU, WIVU WENU NI WENU."

Mtu mmoja akaangua kicheko. Wa pili akamfuata. Sindano ikaingia pajani.

Sijui niwaeleze vipi dawa ile. Nilikuwa nimeshika kamba ya pumzi nyembamba kama uzi, na ndani ya dakika chache uzi ukawa kamba, kamba ikawa mlango. Moyo ulipiga kama ngoma, mikono ikanitetemeka, lakini hewa ikaingia. Wakanichoma ya pili baadaye kidogo, wakanipa na hewa ya mtungi, wakanizuia kutwa nzima kwa sababu, alisema daktari, hali ile huwa inaondoka halafu inarudi kukuvizia.

Faki aliketi kwenye kiti kando ya kitanda, shingo ina manundu manne mekundu anayapaka barafu. Daktari akatutazama, yeye na mie.

"Mdudu mmoja, saa moja, chumba kimoja," akasema. "Mmoja kavimba shingo, mwingine karibu tumzike. Mzee Makame, bado unataka nikupime chai?"

Bi Mize akaingia na nyigu watatu aliowaponda kwa bakora, amewabeba kwenye karatasi ya risiti. "Chukua, mwanangu," akamwambia daktari. "Hawa ndio halua yake." Daktari akawatia kwenye kichupa, akaandika juu yake. Hakucheka mbele yangu, namshukuru. Alipotoka nje nilimsikia.

Nilipobaki na Faki nikamwambia, "Shemegi, nimekukosea."

Akaendelea kupaka barafu. "Mwanangu wa kike alikuwa anachumbiwa," akasema. "Wale watu waliposikia baba mtu anatia watu sumu, wakasema watafikiri kwanza."

Hilo nilikuwa silijui. Nyigu aliniuma sikio; hilo liliniuma mahali pengine.

Jioni ile nilirudi Mgogoni, na kabla sijaingia kwangu nikapita barazani, na wale wale sita walikuwepo na wengine zaidi, nikasimama, sikuketi, nikasema kwa sauti ya juu safari hii: Faki hakuniwekea kitu, nilimsingizia, leo kachomwa mara nne kwa ajili yangu. Wakaniuliza kuhusu kanga. Nikawaeleza na kanga. Nikaona acha wacheke, kicheko kitaifikisha habari mbali zaidi kuliko msamaha peke yake. Na kilifika, maana wachumba wale walirudi, na aliyewaletea habari alianza na kanga, akamalizia na Faki.

Kidawa nilimkuta mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima. Yote yakapotea. Nikasema, "Nilidhani nakufa, nikakuona wewe." Akanitazama sikio lililokuwa kubwa kama la tembo, akasema, "Ingia ndani." Hayo ndiyo maneno mawili aliyonipa wiki ile, nami niliyapokea kwa mikono miwili.

Damu yangu ilipimwa wakati wake ulipofika, ikapelekwa ng'ambo, jibu likarudi: nyigu, si nyuki. Daktari Zuhura ananiambia kuna tiba ya kumzoesha mtu sumu ile ile kidogo kidogo, kwa miaka, mpaka mwili uache kuiogopa, huku kwetu bado haijafika lakini ameniandikia barua, na jina langu lipo. Kwa sasa natembea na sindano mbili mfukoni, zimeshatiwa dawa yake, na walioitwa kliniki kufundishwa kunichoma siku nitakaposhindwa mwenyewe ni watu wawili: Kidawa na Faki. Nilikaa nawatazama wakijifunza kwenye mto wa kulalia, wanahesabu kwa sauti, na nikafikiri, hawa niliowaogopa ndio waliokabidhiwa roho yangu, na hakuna hata mmoja aliyekataa.

Faki hujibu salamu zangu. Zaidi ya hapo bado, na mie siharakishi; niliyavunja mapatano yetu kwa siku moja, yeye ana haki ya kuyajenga kwa mwendo wake.

Basi nimeapa, nanyi mlio na koo lililowahi kuziba baada ya kuchomwa na mdudu apeni pamoja nami: nendeni kwa daktari kabla ya kwenda barazani. Likinipata jambo sasa nauliza kwanza nini kimenipata, naliuliza hilo swali mpaka lichoke. Nani kanifanyia, hilo nimeliacha. Mara ile moja nilipolijibu, lilinijia jibu la shemegi yangu, halafu la mke wangu, na kama daktari asingekuwa mwepisi wa miguu, ningelikufa nalo hilo jibu mdomoni, la uongo.